Mshindani Ndiye Hakimu: Mizani ya Waundaji wa Michezo ya Video

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ni neno la kweli, na ndilo lililotufanya sisi watu wa pwani, tangu zama na zama, tusimwachie mshindani ahukumu shindano lake mwenyewe. Mashua zishindanapo Lamu, anayetazama ni ipi iliyotangulia kufika si nahodha wa mojawapo. Vijana wasomapo Qur'ani mbele ya hadhara, wanaoketi mezani na kalamu mkononi ni masheikh, si vijana wenyewe. Na malenga wawili wakitoana jasho kwa mashairi, hutafutwa mtu wa makamo anayejua vina na mizani, asiyekuwa upande wa huyu wala wa yule.

Basi huenda msomaji akashangaa nikimwambia kwamba liko shindano lililoanza mwaka 2002, likaenea duniani kote, ambalo kanuni yake ni kinyume cha hayo. Humo washindani ndio mahakimu. Hapana meza ya masheikh, hapana jopo la mabingwa. Aliyeleta kazi yake ndiye anayepima kazi za wenziwe, na wenziwe ndio wanaoipima yake. Asiyeleta kazi hana kura. Shindano lenyewe ni la kuunda michezo ya video, ile ambayo vijana wetu huicheza kwenye kompyuta na simu, na jina lake ni Ludum Dare, maneno ya Kilatini ambayo maana yake ni kutoa mchezo.

Najua wako wazee watakaokunja uso. Kwetu sisi michezo hiyo imezoeleka kuwa ni kitu cha kumpotezea kijana wakati wa sala na wa masomo, na malalamiko ya wazazi juu ya vibanda vya michezo mitaani si ya bure. Lakini leo sikukusudia kuitetea michezo hiyo wala kuishutumu. Ninayotaka tuitazame pamoja ni hukumu: vipi watu maelfu, wasiojuana, wa nchi mbalimbali, wameweza kupimiana kazi zao bila ya kushikana mashati? Jambo hilo latuhusu sote. Dini yetu imeipa mizani uzito mkubwa, hata ikawako sura nzima katika Qur'ani, Al-Mutaffifin, inayofunguliwa kwa kuwaonya wenye kupunja katika vipimo. Na anayeipima kazi ya mtu hana tofauti na mwenye duka anayempimia mtu mchele.

SAA ARUBAINI NA NANE

Kwanza tulifahamu shindano lenyewe. Mwanzilishi wake ni Geoff Howland, na baadaye uangalizi ukawa mikononi mwa Mike Kasprzak. Mara ya kwanza, Aprili 2002, washiriki walipewa saa 24 tu za kuunda mchezo mzima. Ilionekana kuwa muda huo ni mfinyu mno, na tangu mara ya pili zikawa saa 48.

Kila shindano lina mada yake. Mada hizo hupendekezwa na washiriki wenyewe, wakazipigia kura, na itakayoshinda hutangazwa saa ileile mbio zinapoanza, ili asipatikane mtu wa kuwatangulia wenziwe. Desemba 2011 mada ilikuwa upweke. Aprili 2012 ilikuwa dunia ndogo. Desemba 2013 ilikuwa kwamba unapata kimoja tu. Ni kama malenga wanaotupiwa kibwagizo palepale barazani wakaambiwa watunge juu yake, na aliyekuja na beti zake mfukoni hana pa kuzitia.

Milango mikuu ya kuingilia ni miwili. Wa kwanza ni wa mtu peke yake. Huyo hupewa saa 48, naye sharti afanye kila kitu kwa mkono wake: aandike programu, achore picha, atengeneze sauti. Akimaliza, huutoa hadharani msimbo wa programu yake ili kila atakaye auone. Mlango wa pili, uliofunguliwa mwaka 2010, una masharti mepesi zaidi. Muda wake ni saa 72, watu wanaruhusiwa kuungana kikundi, na wanaweza kutumia michoro au muziki uliokwisha tengenezwa na wengine. Makundi haya mawili hupangwa mbalimbali, wala aliyefanya kazi peke yake halinganishwi na waliokuwa watano.

Na zawadi je? Hakuna. Hakuna fedha wala kikombe cha kuweka kabatini. Hakuna ada ya kuingia ambayo mshindi huja akaikomba, kwa hiyo hata yule mwenye shaka ya kamari anaweza kutulia. Anachokipata mshiriki ni nafasi yake katika orodha, na maneno ya wenziwe juu ya kazi yake.

Tulishike neno hilo la zawadi, kwa sababu ndilo linaloifanya kanuni ya mshindani kuwa hakimu iwezekane. Mafakihi wetu hawaukubali ushahidi wa mtu mwenye kujivutia manufaa kwa ushahidi wake, na hekima yake ni dhahiri. Ikiwa juu ya meza kuna gari, nani atampa jirani yake alama tano? Waanzilishi wa Ludum Dare walipoiondoa zawadi, waliondoa sehemu kubwa ya sababu ya mtu kuivutia ngozi kwake. Si yote, maana sifa nayo ni mali na wako watu wanaoipenda kuliko fedha. Lakini walipunguza.

VIPIMO VINANE

Saa zikiisha, kazi zote huwekwa kwenye intaneti, na hapo mlango wa hukumu hufunguliwa kwa muda wa majuma matatu hivi. Mwenye kupima huuchukua mchezo wa mwenziwe, akaucheza, kisha akatoa nyota. Nyota moja ndiyo ya chini, tano ndizo za juu. Wala hatoi hukumu moja tu. Vipimo ni vinane: mchezo kwa jumla, utamu wake, upya wa wazo lake, namna ulivyoifuata mada, michoro, sauti, ucheshi, na hisia unazomtia mchezaji.

Ukivitazama vipimo hivyo utaona kwamba kazi imefunuliwa kama samaki anavyofunuliwa na mpishi, kila pande likaonekana. Mchezo unaweza kuwa na michoro hafifu ukawa mtamu. Unaweza kuchekesha na usiwe na jambo jipya. Mshiriki aliyepata nyota mbili katika sauti na nne katika wazo hana haja ya kumwuliza mtu alikosea wapi.

Iko adabu moja humo iliyonipendeza. Yule aliyeingia kwa mlango wa pili akatumia michoro ya mtu mwingine hutakiwa ajiondoe mwenyewe katika kipimo cha michoro. Akitumia muziki wa mtu, ajitoe katika kipimo cha sauti. Hasubiri kukamatwa, anatangulia kusema: hiki si changu, msinipimie. Ni amana hiyo, na laiti baadhi ya waimbaji wetu wanaotwaa mashairi ya wazee na kuyatia majina yao wangaliifuata.

Lakini jambo kubwa ni hili: kile kipimo cha kwanza, mchezo kwa jumla, hakipatikani kwa kuvijumlisha vile saba vingine. Hakimu huulizwa mbali: vyote ukivisahau, kazi hii ni nzuri kiasi gani? Anayejua ushairi hatahitaji kuelezwa hekima yake. Hebu tuutazame ubeti huu nilioutunga makusudi:

Jua limetoka juu, na mwezi nao ni mwezi,
Mti una tawi kuu, na mbuzi nao ni mbuzi,
Kila mtu na miguu, na wezi nao ni wezi,
Haya nasema makuu, nami nimekwisha kazi.

Hesabu mizani: nane kwa nane, hakuna uliopungua. Tazama vina: vya kati vimetimia, vya mwisho vimetimia. Hakimu wa kuhesabu kwa vidole atampa mtungaji alama zote, ilhali kila aliyesoma anajua kwamba ubeti hauna kitu ndani yake. Wengi wetu tumewahi kuyaona mashindano ya mashairi ambamo ubeti wa namna hii huushinda ubeti wenye moto uliopungukiwa na mizani moja. Kosa haliko katika kuhesabu. Liko katika kudhani kwamba ukiisha kuhesabu umekwisha kuhukumu.

Wala tusidhani kwamba kila shindano laweza kupimwa kwa njia moja. Katika mashindano ya kuhifadhi Qur'ani, aghalabu msomaji huanza na alama zake kamili, na kila kosa la hifdhi au la tajwidi humpunguzia. Hiyo ndiyo haki yake, kwa sababu asili iko, imehifadhika, na msomaji anapimwa kwa namna alivyoifuata bila ya kuongeza wala kupunguza. Mchezo ulioundwa juzi hauna asili ya kuulinganishia. Ukianza kuupunguzia alama kwa makosa, utamtukuza aliyefanya kidogo na kwa woga, na utamwadhibu aliyethubutu. Kwa hivyo Ludum Dare hawapunguzi. Wanamwuliza hakimu amekuta nini, wala hawamwulizi amekosa nini.

HUKUMU ISHIRINI

Sasa tulifikie fundo lenyewe. Ikiwa kila mshiriki ni hakimu, nani atamlazimisha ahukumu? Mtu amekesha siku mbili, macho mekundu, ametoa kazi yake. Moyo wake wote uko katika kutazama wengine watasema nini juu yake. Kuzicheza kazi za watu asiowajua ni uchovu juu ya uchovu.

Tufanye hesabu kama ya chuoni. Yako mashindano ya Ludum Dare yaliyopata kazi zaidi ya 2,000 kwa mara moja. Mtu akitaka kuzicheza kazi 2,000, kila moja kwa dakika kumi tu, atahitaji dakika 20,000, nazo ni zaidi ya saa 330, yaani siku karibu 14 bila ya kulala wala kula. Haiwezekani. Basi kila kazi itaonwa na wachache, na hatari ni kwamba kazi za mashuhuri zitaonwa na mia, na kazi ya kijana asiyejulikana haitaonwa na yeyote.

Kwa ajili hiyo ziliwekwa kanuni mbili. Ya kwanza ni kwamba kazi haipati nafasi katika orodha mpaka iwe imepimwa na watu wasiopungua 20 hivi. Hukumu ya marafiki watatu haitoshi, wala ya maadui watatu. Katika wengi, anayependelea na anayechukia huzamishwa na wale wa katikati.

Kanuni ya pili ndiyo ninayoiona kuwa moyo wa jambo zima. Kadiri mtu anavyozipima kazi za wenziwe, ndivyo kazi yake mwenyewe inavyosogezwa mbele ya macho ya wapimaji. Aliyepima kazi 50 huonekana. Aliyekaa na mikono kifuani akingoja sifa, kazi yake huzama chini kama jiwe. Hakuna anayemfokea wala kumfukuza, ni mizani tu inayomrudishia kiasi alichotoa. Rudi kwenye hesabu yetu: kazi 2,000 zikihitaji hukumu 20 kila moja, ni hukumu 40,000; na washiriki 2,000 wakitoa hukumu 20 kila mmoja, ni 40,000 hizohizo. Kila mtu akilipa deni lake, hapana atakayekosa haki yake. Akikosa mmoja kulipa, kuna mwenziwe mahali fulani aliyepunjwa.

Tena kuna orodha mbili za huruma. Moja inaitwa ya hatari, na ndani yake ziko kazi ambazo bado hazijafikisha hukumu za kutosha. Nyingine ni ya sifuri, ya zile ambazo hazijaguswa na mtu yeyote. Siku za mwisho wako wanaojitolea kuziendea orodha hizo, wakazicheza kazi za wanyonge moja moja, ili asibaki mtu aliyekesha usiku mbili akaambulia kimya. Mimi naona hapo ndipo shindano linapogeuka kuwa ujirani.

TULIPOKUWA NA SHAKA

Haitakuwa insafu kusifu bila ya kutaja kasoro. Husemwa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika shindano hili chema hakijiuzi. Mchezo unaochezeka papo hapo kwenye ukurasa wa intaneti hupata wapimaji wengi kuliko ule ambao sharti kwanza mtu auteremshe kwenye kompyuta yake, ingawa huo wa pili huenda ukawa bora. Mpimaji ana kazi nyingi mbele yake naye hushika kilicho karibu.

Kuna na ile haraka. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba makadhi ni watatu, wawili wa motoni na mmoja wa peponi. Aliyeijua haki akahukumu kwayo ndiye wa peponi. Aliyeijua akaiacha ameangamia, na aliyehukumu kwa ujinga naye ameangamia. Wengi tunamwogopa yule wa pili, mla rushwa, tukamsahau wa tatu. Mpimaji aliyecheza dakika mbili, akashindwa kuruka ukuta wa kwanza, akatoa nyota moja, hakula rushwa ya mtu. Lakini amehukumu asichokijua.

Liko shindano jingine, kongwe zaidi, lililojaribu kuliponya donda hilo. Ni shindano la michezo ya maneno, ambayo haina michoro ya kusisimua: mchezaji husoma hadithi, akaamua mhusika afanye nini, na hadithi ikageuka kwa uamuzi wake. Lilianzishwa mwaka 1995 na G. Kevin Wilson, likapata kazi 12 mwaka huo wa kwanza, na mwaka 2020 zikapita 100. Linafahamika kwa jina la IFComp. Humo hakimu ni mtu yeyote katika umma. Hutoa alama toka moja mpaka kumi, na kura zake hazihesabiwi mpaka awe amezipima kazi tano kwa uchache, ili asije mtu kumpigia kura ndugu yake mmoja akaenda zake. Na kuna sharti la saa mbili. Hakimu huhukumu kwa yale aliyoyaona katika saa mbili za kwanza. Akitaka kuendelea kucheza mpaka alfajiri ni ruhusa, lakini alama yake aiandike kwanza. Hivyo mwenye hadithi ndefu na mwenye hadithi fupi hupimwa kwa kibaba kimoja.

Hao wa IFComp wana na kichekesho chao chenye mafunzo. Huitaja kila mara kazi iliyowagawanya mahakimu kuliko zote, wakaipa tuzo ya Ndizi ya Dhahabu ya Mfarakano. Maana yake ni hii: watu kumi wakiipa kazi alama tano, na kumi wengine wakaipa moja, wastani wake ni tatu. Kazi nyingine ikipewa tatu na watu wote ishirini, wastani wake ni tatu vilevile. Kwenye orodha zimelingana. Lakini ya kwanza imewasha moto, ya pili imepoa kama chai ya jana. Wastani hauwezi kulisema hilo, basi ikabidi itafutwe njia nyingine ya kulisema.

BAADA YA HUKUMU

Je, hukumu hizi ndizo mwisho wa kazi? Hasha. Aprili 2012, mada ilipokuwa dunia ndogo, kikundi cha Free Lives cha Cape Town, Afrika Kusini, kilileta mchezo wa vishindo na risasi ulioitwa Rambros. Wakaendelea kuutengeneza kwa miaka, na mwaka 2015 ukatoka kamili kwa jina la Broforce, ukauzwa duniani. Desemba 2013, mada ilipokuwa kwamba unapata kimoja tu, watu watatu waliunda mchezo ambao shujaa wake ana mshale mmoja pekee: akiufuma, sharti kwanza aurudishe mkononi. Wakaulea ukatoka mwaka 2015 kwa jina la Titan Souls.

Na Desemba 2018, mada ilipokuwa sadaka zisizoepukika, Daniel Mullins wa Kanada aliunda mchezo mdogo wa karata. Mbegu hiyo ikakua, ikatoka mwaka 2021 kwa jina la Inscryption. Mwaka 2022 ikatwaa tuzo kuu ya tamasha la michezo huru huko San Francisco, ambako hukumu ni ya jopo la mabingwa walioteuliwa. Tuzo hiyo ina jina la Seumas McNally, kijana wa Kanada aliyeshinda mwaka 2000 na kufariki mwaka huohuo, siku chache baada ya ushindi wake.

Kazi hizo tatu zilipitia kwanza mikononi mwa wenzi wao wenye macho mekundu ya kukesha. Walicheza, wakatoa nyota, kisha wakaandika maneno: hapa pamenikwama, hapa pamenifurahisha, wazo hili usilitupe. Asifuye mvua imemnyea. Anayejua ugumu wa kuunda mchezo kwa siku mbili hatamdharau aliyejaribu, wala hatamsifu kwa uongo, kwa kuwa kesho naye atatazamia ukweli huohuo.

Pamoja na hayo, vijana wetu wenye hamu ya kuunda michezo na waijue hali ilivyo. Mahakimu wengi wa mashindano haya hawajui Kiswahili. Mchezo uliojengwa juu ya vitendawili vya Mvita, au juu ya utani wa Pate, utafika mbele ya mpimaji wa mbali asiyeelewa, naye atatoa nyota mbili bila ya dhamiri mbaya. Lugha ya Kiingereza itawafungulia mlango, na itawalazimisha waache nje nusu ya waliyotaka kusema. Dawa haipatikani kwa kulalamika. Kama watu wa ng'ambo walivyojikusanya wakawekeana mizani, nasi hatukatazwi kujikusanya, ishirini kwa kuanzia, tukapimiana kazi za lugha yetu kwa vipimo vyetu.

Na si katika michezo ya video peke yake. Mashindano ya mashairi, ya insha, ya nyimbo, hufanywa pwani hii kila mara. Kijana hupeleka kazi yake, hungoja miezi, kisha hutangazwa jina la mshindi mmoja, na waliobaki hurudi makwao bila ya kujua walipungukiwa na nini. Wengine hawaandiki tena. Hasara hiyo haiandikwi katika daftari la mtu yeyote, lakini ni hasara.

Kuiondoa hakuhitaji kompyuta. Vitajwe vipimo kabla ya kazi kuletwa. Kazi ipimwe na wengi, isiachiwe mmoja. Kila aliyeleta shairi apewe mashairi matano ya wenziwe, majina yakiwa yamefichwa, ayasome na aandike chini ya kila moja neno la haki; na asiyeandika, lake lisisomwe. Mshindi atapatikana, na hilo ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba hapana kijana atakayerudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu kila mmoja atakuwa amesomwa na watano, naye amewasoma watano, na atakuwa ameonja mara moja uzito wa kuishika mizani ya mwenziwe mkononi.